Mawe Tuliyofunga kwa Waya

Katika miaka ya tisini, ukitaka kujua ni nani aliyenunua ploti Noonkopir, ulitazama mawe. Mtu akishalipa, hata kabla ya kuzungusha ua, alimwagiwa lori la mawe pembeni mwa ploti yake. Mawe hayo yalikaa pale mwaka, miaka miwili, nyasi zikaota katikati, mijusi ikahamia. Hakuna aliyeyagusa. Rundo la mawe lilikuwa nyumba ya mtu ambayo bado haijasimama, na kama halikuwa hivyo, basi lilikuwa masalio ya kazi ya serikali. Hatukujua maana ya tatu. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu watu huniuliza, siku ile tulikuwa tunafikiria nini. Tulikuwa tunafikiria hivyo.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Alitoka Ukambani akiwa kijana kuja kufanya kazi Athi River, akanunua ploti, akatujengea nyumba kwa mikono yake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kazi yake aliipenda kupita kiasi. Tukipita mahali palipojengwa vibaya alisimama, akafumba jicho moja, akasema, "Huyu alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Nyuma ya nyumba yetu naye alikuwa na rundo lake la mawe, yaliyochongwa tayari, ya vyumba viwili alivyotaka kuongeza. Alilitazama kila asubuhi akipiga mswaki.

Maziwa tuliletewa na mama mmoja wa Kimasai ambaye boma lao lilikuwa ng'ambo ya mto. Sisi sote tulimwita Yeyo, maana ndivyo wanawe walivyomwita. Alifika asubuhi na vibuyu vyake, yeye na mama yangu wakaanza.

"Sopa, Yeyo. Leo naona mto umepita ndani ya kibuyu."

"Epa. Mto iko kwa chai yako, mama. Ongeza majani."

"Niongeze majani na maziwa yenyewe naona sakafu ya kikombe?"

"Hiyo macho yako ni ya Ukambani. Inaona maji kila mahali kwa sababu kwenu hakuna."

Walicheka mpaka baba akatoka kuuliza kama kuna chai au hakuna. Siku ilianza hivyo, na mimi niliona kwamba hivyo ndivyo majirani wanavyokuwa.

Kule mtoni, kwenye kona, palikuwa na mti mkubwa wa aina ya mkuyu. Wamasai wanauita oreteti. Wanawake wao walikuja pale kuomba mvua na watoto. Walipaka mizizi mafuta, wakachomeka majani mabichi kwenye gome, wakaimba, wakaenda zao. Baba alipokuwa na kazi upande ule alikula chakula chake cha mchana chini ya kivuli hicho, na alituambia kwamba hajawahi kuona mtu amekata tawi pale, hata kijiti cha kuchokolea meno.

Kisha ikaja mvua ya El Nino. Aliyekuwa Kitengela wakati ule hahitaji kuelezwa. Udongo wetu ni mweusi na unanata. Kwa wiki nyingi kila mtu alitembea amebeba shamba zima kwenye viatu. Vyoo viliporomoka. Kivuko cha simenti ambacho watu wa barabara walikuwa wamekijenga mtoni kilichukuliwa chote, vipande vyake vikaonekana chini kabisa kama meno yaliyong'olewa. Maji yalipopungua tulikwenda kutazama. Ukingo wa upande wa mti ulikuwa umekatwa kama mkate. Nusu ya mizizi ilining'inia hewani, imevaa matambara, karatasi za nailoni na matete. Ungeweza kusimama chini ya mti na kuona mwanga upande wa pili.

Yeyo na watu wake hawakuwepo. Baada ya mvua mifugo ilishikwa na ugonjwa, mbuzi wakawa wanaharibu mimba na kufa, na boma zima likahamia upande wa Kajiado kwa ndugu zao, kwenye nchi iliyoinuka. Tulianza kununua maziwa ya pakiti. Mama alisema ya pakiti hayana hata mtu wa kugombana naye.

Wakati huo wageni waliokuwa wakisaidia watu wa mafuriko walikuja kanisani kwetu. Walisema wako tayari kutoa waya na simenti kwa kikundi chochote kitakachotengeneza kitu cha faida kwa wote. Watu walitaja kivuko. Wakataja vyoo vya shule. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusimama kwenye mikutano, alisimama.

"Kuna ule mti," alisema. "Mvua nyingine ikija, unaenda."

Palitokea minong'ono. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa nini Wakristo waujengee ukuta mti wa matambiko.

"Mti ni wa Mungu," baba akajibu. "Hayo mengine ni ya watu. Na hao watu ni majirani zetu, wametuuzia hata hapa tulipokaa."

Nilijivuna sana siku ile. Mchungaji alikubali, wageni wakafurahi kuliko kila mtu, na neno "urithi" likaanza kutumika katika kikundi chetu kana kwamba tumezaliwa nalo. Mama ndiye aliyeuliza kama haingefaa kuwatafuta wenyewe kwanza.

"Wako Kajiado, utawapata wapi?" baba alisema. "Wacha wakirudi wakute kazi imekwisha. Unaonaje sura ya Yeyo siku hiyo?"

Mama alicheka. Hata mimi niliiona sura hiyo, na ilikuwa nzuri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vikapu vya waya. Unafuma waya kama sanduku, unaliweka ukingoni, unalijaza mawe na kulifunga kwa juu, kisha unaweka lingine juu yake. Maji yanapita katikati ya mawe lakini udongo haupiti. Baba aliijua kazi hiyo. Shida ilikuwa mawe. Ya mtoni yalikuwa madogo, ya mviringo, yanateleza na kutoka kwenye matundu. Tulijaza vikapu vya chini kwa shida, kisha tukakwama.

Hapo baba akaliona lile rundo. Lilikuwa hatua chache kutoka kwenye mti, upande wa juu, limefunikwa tope na matete yaliyoachwa na mafuriko, linafika kiunoni mwa mtu mzima. Alilikwangua kwa sepetu, akapiga mluzi.

"Mawe ya watu wa kivuko hayo," alisema. "Wameacha."

"Una hakika?" mama aliuliza.

"Nani mwingine atakusanya mawe huku, na hana ploti?"

Hakuna aliyepata jibu la swali hilo, kwa hiyo likawa jibu lenyewe. Tulipanga mstari, wanaume kwa wanawake, tukayapitisha mkono kwa mkono. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya chekechea wakati ule, na Jumamosi nilikuwa mtoni pamoja nao. Nakumbuka nilivyoshangaa kwamba mawe yale hayakufanana. Mengine yalikuwa meusi yenye vishimo kama mkate ulioumuka. Mengine yalikuwa mekundu. Kulikuwa na machache meupe kama chumvi ya ng'ombe. Katikati ya rundo tulikuta majani makavu yamebanwa kati ya jiwe na jiwe, na nikafikiri mafuriko hufika kila mahali. Kwa kuwa nilipenda vitu vionekane vizuri, nilichagua mawe ya rangi na kuyapanga upande wa mbele wa vikapu, unaotazama mto, ili wageni wakija wayaone. Baba alifumba jicho moja akatazama. "Mwalimu," akasema, "hapa hukuwa na haraka."

Pale rundo lilipotoka palibaki tambarare. Wakati wa kupanga sherehe ya kumaliza kazi, sote tuliona kwamba hapo ndipo mahali pazuri pa kuweka meza ya wageni.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Turubai lilisimamishwa. Afisa mmoja alitoka Kajiado. Kwaya ilivaa sare. Kando ya mti palisimamishwa ubao tulioupaka rangi ya kijani, umeandikwa TUHIFADHI URITHI WETU. Mimi nilipewa kipaza sauti kwa sababu watoto wa darasani walikuwa wamenifundisha Kimaa cha kutosha kusalimia na kutafsiri hotuba fupi. Tulikuwa tumewatumia Yeyo na watu wake habari kupitia kwa mwenye lori la ng'ombe: njooni, tuna kitu cha kuwaonyesha.

Walikuja saa ambayo afisa alikuwa anahutubia. Wanawake kama kumi hivi, wamevaa shanga za sherehe, na wanaume wachache nyuma yao. Yeyo alikuwa mbele. Alikuwa amebeba jiwe mkononi, la ukubwa wa mkate. Nilimpungia mkono. Hakuniona. Alipita turubai, akapita mti bila kuutazama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya wageni, akasimama mbele ya makreti ya soda.

Alitazama chini. Akatazama kushoto, kulia, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Baba alimwendea amenyoosha mikono yote miwili.

"Karibu, mama, karibu sana! Umetuletea jiwe? Sisi tumemaliza, lakini usijali, tutakutafutia nafasi!"

Watu walipiga makofi. Walidhani, kama baba alivyodhani, kwamba amekuja kuchangia mradi.

Yeyo alisema kitu kwa Kimaa. Hakumwambia baba. Hakumwambia mtu.

"Mwalimu, mama anasema nini?" afisa aliuliza.

Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wangu na sikukumbuka kukiondoa. "Anauliza yuko wapi," nikasema, na spika zikatoa neno hilo mpaka ng'ambo ya mto.

"Nani?"

Nilimuuliza. Alinijibu kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Babu ya mzee yangu. Alikuwa amelala hapa."

Ndipo tulipoelezwa, mbele ya wageni na kwaya. Zamani si kila Mmasai alizikwa. Aliyezikwa alikuwa mtu mkubwa wa watu wake, na juu yake yaliwekwa mawe, na kila mtu wa ukoo anayepita huongeza lake, na kuchomeka nyasi mbichi kwa salamu. Waliotoka mbali na ng'ombe waliokota jiwe huko huko walikokuwa na kulibeba mpaka nyumbani. Ndiyo maana yalikuwa meusi, mekundu na meupe.

Yeyo alikuwa ameshuka ukingoni. Alipitisha kidole kwenye tundu la waya akagusa jiwe moja jeusi, upande wa mbele, mahali ambapo mimi nilikuwa nimelipanga ili lionekane.

"Hii nilileta mimi," alisema. "Nimetoka nayo Loitokitok. Nilikuwa na mimba ya huyu."

Huyu alikuwa mwanawe, kijana mrefu aliyekuwa askari wa lango Nairobi. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, anausoma kwa sauti.

"Tuhifadhi urithi wetu," alisoma. Akageuka. "Wetu na nani?"

Akagonga ubao kwa kidole.

"Nauliza tu. Nyinyi si mko na mwalimu? Mwalimu atafsiri. Wetu na nani?" Akaja mpaka alipokuwa baba. "Kata hiyo waya, mzee. Kata sasa hivi."

Baba alitia mkono kwenye koti lake la Jumapili akatoa koleo ya kukatia waya. Fundi hatembei bila koleo, hata siku ya sherehe.  Alianza kushuka ukingoni, na angekata, kama afisa hangesema kwa sauti kwamba mvua za Aprili ziko karibu, na vikapu vikifunguliwa mti utaondoka.

Kila mtu alimtazama Yeyo. Yeye alipanda kutoka ukingoni, akapita katikati yetu na kushika njia aliyojia, bado amebeba jiwe lake. Wenzake walimfuata. Kwaya haikuimba. Soda tulizirudisha dukani zikiwa hazijafunguliwa, na ule ubao baba aliung'oa mwenyewe jioni hiyo, akaubeba kichwani mpaka nyumbani, maandishi yakiwa yametazama chini.

Aibu niliyoijua kabla ya hapo ilikuwa ya mtu mmoja: umeteleza, umecheka wakati wa maombi, inapita. Hii ilikuwa ya nyumba nzima. Mama hakwenda sokoni. Baba alienda kazini akapitia njia ya nyuma. Mimi nilisimama mbele ya watoto wa chekechea, nusu yao wa Kimasai, na sikuweza kuwafundisha wimbo wa salamu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilianza kumwonea haya baba yangu, mtu aliyesimama mkutanoni kuwasemea majirani zake wakati wengine walitaka vyoo. Nikiona anakuja njiani na mfuko wake wa zana, nilitamani asiniite. Kisha nikajionea haya kwa hilo.

Tulikwenda Kajiado, mimi na yeye, kumwona mkubwa wa ukoo. Tulichukua sukari, majani ya chai na blanketi. Ilikuwa siku ya mnada, na tulimkuta mnadani amemshika mbuzi miguu ya nyuma, anabishana na mnunuzi. Alituonyesha kwa kidevu tungoje. Tulingoja mpaka mbuzi huyo akauzwa, na mwingine, na wa tatu akakataliwa kwa matusi.

"Sasa," alisema, akijipangusa mikono. "Fundi ni nani, wewe ama msichana?"

"Ni mimi, mzee."

"Kwenu Ukambani mkizika mtu mnaweka nini juu?"

"Msalaba," baba alisema. "Na simenti, kama kuna uwezo."

"Nikija kwenu nivunje hiyo simenti, nijengee choo cha kanisa, utaniambia nini?"

Baba alitazama viatu vyake. "Nitakuuliza kama una wazimu."

"Mimi sikuulizi. Naona huna." Alitema tumbaku kando. "Ungekuwa mwizi ingekuwa rahisi. Mwizi tunajua bei yake. Wewe umekuja kutusaidia."

Sijawahi kusikia neno "kusaidia" likisemwa namna ile.

"Mti ukianguka," aliendelea, "mtasema tulipenda mawe. Mawe yakikaa kwa waya, sisi tutasema mlipenda mti. Kwa hivyo rudisha mawe, na mti usianguke. Si wewe ni fundi? Fundi ni wa nini?" Akatazama vitu tulivyobeba. "Na hiyo sukari si yangu. Mpelekee yule mama."

 Tulipofika nyumbani baba alipita mlango akaenda nyuma, akasimama mbele ya rundo lake, yale mawe ya vyumba viwili. Mama alimfuata. Mimi nilikuwa dirishani.

"Asi!" mama alisema. "Na nyumba?"

"Nyumba ni hii tuliyo nayo."

 Mama aliinama, akachukua jiwe la juu kabisa, akauliza, "Lori linasimama wapi?"

Yeyo alikuja kwa kazi hiyo na wanawake wawili wazee. Sukari aliipokea, akasema ashe oleng, yaani asante sana, basi. Baba alifungua kikapu kimoja kwa wakati mmoja, tukayatoa mawe yaliyokuwamo na kutia ya kwetu, akafunga, ndipo akagusa kingine, ili mti usibaki wazi hata siku moja. Wanakanisa walikuja wachache. Kila jiwe lililotoka tulilipeleka mbele ya wanawake wale. Jeusi, jekundu, jeupe: hayo yalijulikana mara moja, na niliyoyapanga mbele kwa urembo wangu yalikuwa ya kwanza kurudi. Lakini si kila mtu wa ukoo alitoka mbali. Wengi walikuwa wameokota jiwe la hapo hapo, la kijivu, na mvua ilikuwa imelisafisha, na tulikuwa tumelichanganya na ya mtoni.

"Hii?" baba aliuliza.

Yeyo aliligeuza. "Hii ni ya mto."

"Na hii?"

"Hii yetu."

"Hii?"

Alilishika muda mrefu. Akampa mwenzake, naye akampa wa tatu. "Sijui," alisema Yeyo.

Mawe ya "sijui" yaliongezeka. Ilifika mahali yakawa rundo lenyewe. Siku ya mwisho baba alisimama mbele yake amevua kofia.

"Turudishe yote, mama?"

"Uweke taka ya mto juu ya mtu?"

"Basi tuyaache?"

"Umuache mtu nje?"

Baba alibaki na kofia mkononi. Mwisho Yeyo alisema yakae pale yalipo. Kwa hiyo kulikuwa na marundo mawili, kubwa la babu wa mumewe, ingawa lilikuwa limepungua, na hilo jingine dogo kati yake na mti. Yule mwanawe askari alikuja kutazama siku hiyo. Alizunguka vikapu, akavisukuma kimoja kimoja kwa mguu. Havikutikisika. "Kazi ni safi," alisema, na hakumwangalia baba.

Mvua ya Aprili ilipita, mti ukabaki. Boma lilirudi ng'ambo ya mto, na Yeyo akaanza tena kutuletea maziwa. Aliyamimina, akapokea chake, akauliza habari za watoto, akaenda. Maziwa yalikuwa mazito kama siku zote. Asubuhi moja mama alijaribu. "Yeyo, leo mto..." akaanza, akakatiza, kwa sababu neno hilo halikutamkika tena kati yao. Yeyo alifunga kibuyu kana kwamba hakusikia. Baba, aliyekuwa ndani anangoja chai, aliacha mswaki mdomoni. Wakati ule ndipo nilipojua alichokuwa anakitaka. Msamaha alikuwa ameshaupata, kwa namna yake, pale mnadani. Alitaka kutukanwa kidogo kama jirani.

Miaka ikaenda. Kitengela ikawa mji. Malori ya mchanga yalishuka mtoni, ardhi ya ng'ambo ikagawanywa ploti, na kila ploti ikamwagiwa rundo lake la mawe. Baba alistaafu. Yeye na mama walianza kwenda Loitokitok kununua nyanya na vitunguu vya kuuza, na katika safari moja alirudi na jiwe jeusi lenye vishimo, limefungwa kwenye gunia pamoja na vitunguu.

"Hili la nini?" nilimuuliza.

"La kuzuia mlango," alisema.

Likazuia mlango. Miaka kadhaa lilikuwa hapo barazani. Tulipopiga lipu upya ukuta wa mbele, donge la simenti lilianguka juu yake likakauka. Baba alijaribu kulitoa kwa patasi, nusu likatoka, nusu likabaki. Hakuna aliyesema lilikuwa la nini hasa, na hakuna aliyekuwa mjinga.

Yeyo alikuwa amezeeka wakati huo, maziwa yaliletwa na mkaza mwanawe. Lakini siku moja alikuja mwenyewe, akakaa barazani kupumzika, mguu wake ukiwa karibu na jiwe. Alilitazama.

"Fundi," aliita. Baba alitoka. "Hii jiwe inangoja nini?"

 Nilimwona baba akitafuta pa kuweka mikono yake.

"Peleka," Yeyo alisema, akasimama, akaenda zake.

Baba alivaa lile koti la Jumapili. Aliniomba nimsindikize kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua, lakini jiwe hakuniachia. Mtoni, waya za vikapu zilikuwa na kutu, na mizizi ya oreteti ilikuwa imeshuka juu yake na kuingia kati ya mawe yaliyotakiwa kuwa vyumba vyetu viwili. Rundo kubwa lilikuwa na nyasi mbichi. Baba alisimama mbele yake muda mrefu, amelikumbatia jiwe. Kisha akarudi hatua chache na kuliweka juu ya lile dogo, la "sijui". Liliteleza likaanguka. Akaliokota, akalitafutia nafasi, akafumba jicho moja, akaliweka tena.

Juma lile lile Yeyo alipita kwetu. Hakuingia. Alisimama kwenye ua, akaegemea fimbo yake.

"Fundi!" alisema akicheka, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Miaka yote hii, na bado hujui rundo ni gani?"

Mama, ndani ya jiko, alishika mdomo. Ulikuwa utani wa kwanza tangu siku ya soda. Nilimngoja baba acheke, maana nilijua amekuwa akiungoja kuliko kitu chochote. Aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Najua, mama. Lile kubwa ni la ukoo."

Yeyo alimtazama, naye akaacha kucheka.

Jiwe liko pale pale. Baba na Yeyo wote wawili wameshaondoka duniani. Kila ninapopita mtoni najiambia nisilitafute, na kila mara naliona kabla ya mti wenyewe, kwa sababu ya lile donge la simenti.